Vijiti Vyekundu na Maji ya Pipa

Katika miaka iliyofuata vita kuu ya pili, wakati Wabelgiji wangali wanatawala, maabara ya hospitali ya Kasongo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, meza iliyopakwa chokaa, hadubini moja iliyopokea mwanga wa jua kwa kioo chake cha chini, taa ya spiriti na chupa chache za rangi. Kazi yangu ilikuwa kupaka kamasi, damu au usaha juu ya kipande cha kioo, kukausha, kutia rangi, kuosha na kutazama. Nilikuwa nimesomea uuguzi baada ya shule ya mapadri kule Kabambare, kwa watu wa mama yangu, ambako Kilatini kiliniingia kwa viboko. Kabla ya hapo, kwa watu wa baba yangu palepale Kasongo, nilikuwa nimehitimu Kurani na kitabu kidogo cha fikihi. Nayataja masomo hayo mawili si kwa kujisifu. Nayataja kwa sababu yote mawili yalihitajika katika jambo ninalotaka kulieleza, na yote mawili hayakufaa kitu.

Sharti nieleze kwanza tulichokuwa tukikitafuta, maana bila hilo msomaji atadhani kulikuwa na mtu mwovu katika habari hii, na hakuwapo.

Bakteria ni kiumbe hai kidogo mno, chenye chembe moja tu na ukuta wake, kinachozaa kwa kujigawa katikati kikawa viwili. Wagiriki wa kale walitumia neno hilo kwa fimbo ndogo, na waliolichagua baadaye walifanya hivyo kwa kuwa vile vya kwanza walivyoviona vizuri vilikuwa na umbo la fimbo. Maumbo, hata hivyo, ni matatu. Yapo ya mviringo kama punje. Hayo pengine hukaa mawilimawili, pengine kwa mnyororo kama shanga, pengine kwa kusongamana. Kitabu changu cha mafunzo kilisema husongamana kama kishada cha zabibu. Mimi sikuwahi kuona zabibu ila katika michoro ya kanisani, kwa hiyo niliandika pembeni mwa ukurasa: kama ngazi, yaani punje za mawese, katika mkungu wa mchikichi. Yapo ya vijiti, vifupi na virefu, vilivyonyooka na vilivyopinda kidogo. Yapo ya mzunguko, yaliyojisokota kama kikono cha mmea utambaao, na miongoni mwa hayo ndimo alimo yule aletaye buba, ugonjwa uliojaa vijijini mwetu wakati ule.

Lakini umbo ni sura tu, na watu wengi wana sura moja. Ndiyo maana wataalamu waliongeza rangi. Hutiwa kwanza rangi ya zambarau, kisha huoshwa kwa spiriti: bakteria wengine huishika rangi ile kwa ukaidi, wengine huiachia wakabaki kupakwa waridi. Hapo tayari tunayo makabila mawili makubwa. Kisha kuna ukoo mmoja mdogo, wa vijiti vyembamba wenye ukuta uliojaa nta, ambao haukubali rangi mpaka upashwe moto. Na ukishaikubali ile nyekundu, hauiachii hata ukioshwa kwa asidi. Kila kitu kingine juu ya kioo hugeuka buluu, na vijiti hivyo hubaki vyekundu. Kijiti cha kifua kikuu kimo katika ukoo huo. Kijiti cha ukoma kimo pia. Na wamo wengine wengi wasiomdhuru mtu yeyote, wanaoishi katika nyasi, katika udongo, na katika maji yaliyotulia.

Hao wa mwisho ndio walioniumiza kichwa. Kwa kawaida, ukitaka kutenganisha ndugu wa ukoo mmoja, unawaotesha katika bakuli la chakula, unaona wanapenda joto gani, wanakua kwa kasi gani, wanamuua mnyama gani. Kijiti cha ukoma hakikubali kuoteshwa katika bakuli lolote. Hakijaoteshwa hata leo ninapoandika. Basi kwa ukoma tulibaki na kutazama tu, yaani sura na nguo, bila kuuliza mtu anatoka nyumba gani.

Mwaka mmoja alikuja daktari aliyetumwa kupima ukoma katika mji na vijiji vya jirani, hadi Nyangwe. Alikuwa mtu wa haki na mchapakazi. Kanuni aliyokuja nayo ilikuwa hii: mwenye doa lisilohisi juu ya ngozi, na vijiti vyekundu puani, apelekwe kambi la wakoma lililokuwa upande wa Kabambare, kwa lori ambalo lingekuja mara moja tu na lisirudi hadi msimu mwingine. Mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili aachwe nyumbani na kuangaliwa.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane aliyeishi katika mtaa wa Waislamu na kupika mikate ya mchele sokoni. Mahali pake palikuwa karibu na lango, na alikuwa amepakalia tangu enzi ya mumewe. Juu ya mkono wake wa kulia kulikuwa na doa jeupe, kubwa kama jani la mhogo lililofunuka nusu, ambapo mafuta ya moto yalimwagika zamani. Ngozi ya pale ilikuwa ngumu na kavu. Nilimwambia daktari kwamba ni kovu la mafuta, akasema kanuni yake haiulizi doa limetoka wapi. Daktari alimfumba macho kwa kitambaa, akampitishia pamba juu ya doa, nami nikatafsiri: umehisi?

«Nihisi nini?» alisema Shangazi. «Umuambie aanze kwanza.»

Alikuwa amekwisha kumpitishia mara kadhaa.

Nikachukua kamasi ya pua yake kwa kijiti cha pamba, nikapaka juu ya kioo, nikapasha, nikaosha, nikatazama. Palikuwa na vijiti vyekundu. Havikuwa vingi, wala havikusongamana kwa mafungu kama vinavyofanya vya ukoma mara nyingi, vilitawanyika kimojakimoja. Nilimwambia daktari hivyo hivyo. Akainama juu ya hadubini, akatazama kwa subira, akasema vilivyotawanyika navyo vinahesabika.

Nilipinga, na sikupinga kwa sababu ya udugu pekee. Wiki ile ile nilikuwa nimeona vijiti vya namna ile katika pua za wanawake wengine wenye ngozi safi kabisa, na wote walitoka mtaa wa misikiti. Kutoka mitaa mingine sikuwa nimeona. Nilikwenda jioni nyumbani kwa Shangazi ili nifahamu. Nilimkuta uani akitia udhu kando ya pipa la chuma lililokinga maji ya mvua kutoka bati la paa. Alivuta maji puani, akayapenga, akavuta tena. Kuta za pipa kwa ndani zilikuwa na utelezi wa kijani.

«Shangazi,» nilisema, «siku ya kupimwa ulitia udhu kabla ya kuja?»

«Swali gani hiyo? Ilikuwa karibu na adhuhuri. Na hata kama si sala, Muzungu atachungulia ndani ya pua yangu, mimi nimupelekee makamasi? Wanawake wote wa mtaa tulisafisha. Tulisafisha vizuri, vizuri kabisa.»

«Kwa maji ya mapipa?»

«Ya mvua. Maji ya mvua iko safi kupita ya mto. Wewe ulisoma sana, hata hiyo hawakukufundisha?»

Nilichukua maji kidogo ya pipa lile katika chupa, na asubuhi nikayafanyia kama nilivyofanyia kamasi. Vijiti vyekundu vilikuwamo, vimetawanyika kimojakimoja. Nilimwita daktari kwa sauti ambayo haikunifaa kuitumia, naye akaja akatazama.

«Hii ni nini?» aliuliza.

«Ni maji.»

«Maji ya nani?»

«Ya yule anayesemekana ana ukoma.»

«Yule ni shangazi yako,» alisema.

«Ndiyo. Na pipa ni lake. Lakini pipa halina ukoma, daktari. Hawa ni ndugu wa ukoo ule, wa majini. Wamepanda puani kwa udhu.»

Sitamnyima heshima anayostahili. Alikubali. Alisema atampima tena kabla ya lori kuondoka, mradi pua iwe kavu, isiwe imeguswa na maji tangu usiku uliotangulia. Pua ikiwa tupu, atafuta jina lake. Nilitoka pale kana kwamba nimepewa mji mzima, nikaenda moja kwa moja sokoni.

Shangazi alikuwa akigeuza mikate. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kwa sauti ya chini, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanasikiliza. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejitapikia.

«Kwa hiyo unataka nisali bila udhu.»

«Hapana. Utie udhu. Acha kuvuta maji puani tu, kwa usiku mmoja na asubuhi yake. Katika madhehebu yetu kusafisha pua ni sunna, si faradhi. Ukiiacha, udhu wako ni sahihi na sala yako ni sahihi.»

«Wewe?» Aliweka chini kijiko chake. «Wewe uliyekaa kwa mapadri mpaka ukajua kuimba misa, utanifundisha mimi udhu? Sikia huyu!» Alimgeukia mama aliyeuza chumvi kando yake. «Mutoto wa kaka yangu amekuwa mwalimu. Anasema pua iko ya hiari.»

«Na masikio?» aliuliza yule mama wa chumvi. «Masikio nayo iko ya hiari?»

Walicheka wote wawili, na watu waliokuwa wakisubiri mikate wakacheka pia. Nilisimama pale nikiwa na fikihi upande mmoja na elimu ya bakteria upande mwingine, zote mbili zikisema jambo lile lile moja, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuisikia mojawapo.

Nilirudi jioni kwake nyumbani, nikajaribu tena. Nilimwambia kwamba asipokubali atapoteza mahali pake sokoni, nyumba yake, na mtaa wake. Kwamba kule kambini hakuna atakayekula chakula kilichoguswa na mkono wake ila wakoma wenzake. Hapo aliacha kunidhihaki.

«Nimeelewa,» alisema. «Shida ni wale wadudu wa maji.»

«Ndiyo.»

«Basi maji yasipokuwa na wadudu, hakuna shida.»

«Shangazi, usivute maji yoyote puani. Yoyote.»

«Nikichemsha?»

Nilimweleza jambo hilo kwa uangalifu kuliko yote. Nilimwambia kwamba maji ya moto huwaua, lakini maiti yao hubaki. Na kwamba ukuta wao wa nta hushika rangi nyekundu hata baada ya kufa, kama vile kanga inavyobaki na rangi yake baada ya mwenyewe kuzikwa. Hadubini haiulizi nani yu hai. Aliitikia kwa kichwa. Niliuliza kama ameelewa. Alisema ameelewa. Nikamwomba aniambie kwa maneno yake mwenyewe, naye akasema: «Nisipeleke wadudu.» Niliridhika, na hadi leo sijui ningeweza kusema nini zaidi.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba asubuhi iliyofuata, akielekea sokoni, alipitia kwa mtawa aliyekuwa mkuu wa zahanati ya akina mama, ambaye sote tulimwita Masera. Masera alikuwa ameufundisha mtaa mzima kuchemsha maji, kwa miaka, nyumba kwa nyumba, na watoto wengi walikuwa hai kwa sababu yake. Shangazi alimuuliza swali moja tu: je, katika maji yaliyochemka mna wadudu?

«Hakuna, mama,» Masera alimjibu. «Ukichemsha vizuri, hakuna hata mmoja. Ni safi.»

Na alisema kweli. Aliulizwa juu ya maji ya kunywa na akajibu juu ya maji ya kunywa. Nilipomfuata baadaye kwa hasira, alinishangaa, na nilipokwisha kumweleza, alishika meza kwa mikono miwili akasema, «Lakini kwa nini hakuniambia ni ya nini?»

Basi Shangazi alinunua kuni nzuri, akajaza sufuria maji ya pipa, akayachemsha hadi yakapungua nusu. Sasa, nikifikiri kwa utulivu, naona kwamba kupungua nusu kulizidisha ubaya: maji yaliondoka kwa mvuke na vijiti vikabaki vyote. Akayaacha yapoe ndani ya birika lililofunikwa kitambaa cheupe. Alfajiri ya siku ya kupimwa alitia udhu kamili kwa maji yale, akavuta puani, akapenga, akavuta tena, akaja hospitalini katika kanga mpya, mwenye furaha kuliko siku zote nilizomwona mwaka ule.

Lori lilikuwa limekwisha kufika. Lilisimama chini ya ukuta wa hospitali, turubai limekunjwa, na watu wengine walikuwa wamekaa tayari na mikeka yao. Nilichukua kamasi. Niliona kwamba pua yake ilikuwa na umajimaji, nikamtazama, naye akanikonyeza.

«Nimesafisha,» alinong'ona. «Lakini usiogope. Nilichemsha kama Masera alivyosema.»

Mikono yangu ilifanya kazi yake yenyewe. Nilitamani kioo kile kivunjike, lakini sikukivunja, kwa maana daktari alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri. Nilipasha, nikaosha kwa asidi, nikatia buluu, nikatazama. Vilikuwamo. Vilikuwa vingi kuliko mara ya kwanza.

Daktari alitazama baada yangu. Nilianza kusema kabla hajainua kichwa. Nilisema kwamba alikuwa amesafisha pua, kwamba maji yalichemshwa, kwamba wafu nao hushika rangi, na kwamba yeye mwenyewe anajua hivyo kuliko mimi.

«Najua,» alisema.

«Basi kesho. Alale hapahapa hospitalini, nimwangalie mwenyewe. Kesho asubuhi pua itakuwa kavu.»

«Lori linaondoka leo.»

«Liondoke bila yeye. Aende na lijalo.»

Alivua miwani yake akaifuta. Alisema maneno ambayo nimeyageuzageuza kichwani kwa miaka mingi nikitafuta kosa lake, na kila mara nimelipata dogo kuliko nilivyotaka. Alisema: «Mkononi ana doa lisilohisi. Puani ana vijiti, mara mbili. Unaniambia vimetoka majini, na huenda ni kweli. Lakini mimi sina njia ya kutenganisha maji na mwanamke, na wewe huna. Anapika chakula cha mji mzima. Nisipoweza kutenganisha, simwachi sokoni.»

«Uliahidi,» nilisema.

«Niliahidi kwa pua kavu.»

Nilitoka nje kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na mama wa chumvi aliyemsindikiza, wakibishana juu ya bei ya unga wa mchele. Aliponiona uso aligeuka kunielekea.

«Wamo,» nilisema.

«Hawawezi kuwamo. Walikufa.»

«Wamekufa, Shangazi. Lakini wamo.»

«Sasa munaogopa hata maiti?» Alisimama. Sauti yake ilipanda hadi watu wa lorini wakageuka. «Mutu aliyekufa anazikwa! Haendi tena sokoni, hapeleki watu kambini! Huyo munganga wako amesomea wapi?» Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikashuka. «Na wewe? Wewe si ulisema unajua majina yao yote?»

Niliyajua. Nilijua jina la ukoo na jina la kila ndugu, kwa Kilatini, na ni nani aliyempa jina hilo. Nilijua yupi anakaa katika nyasi na yupi anakaa majini. Kulikuwa na jambo moja tu nisiloliweza, nalo ndilo lililotakiwa siku ile: kuchukua kijiti kimoja chekundu kutoka juu ya kioo na kumthibitishia mtu mwingine kwamba si yule anayemtafuta.

Mama wa chumvi alikimbia mtaani kumletea mkeka, sufuria moja na nguo. Shangazi hakulia. Alimwagiza jiko lake lisiachwe mvuani, akapanda lorini mwenyewe bila kushikwa mkono, akakaa karibu na turubai, mbali kidogo na wengine. Mtu mmoja mle ndani, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuliwa, alimsogezea gunia akalie. Alilitazama gunia lile kwa muda mrefu kabla ya kulikalia.

Lori liliondoka kabla ya adhuhuri. Alikaa kambini mpaka daktari mwingine alipokuja, akampima upya bila maji, asikute kitu puani wala doa kuongezeka, akampa ruhusa ya kutoka. Alirudi Kasongo, lakini hakuna aliyenunua tena mikate yake, akahamia upande wa Wamaza akalima mpunga huko hadi alipofariki.